Majibu ya damu ya mtoto mchanga na jukumu la muuguzi wa zahanati

MATONE machache ya damu hutolewa kisiginoni mwa mtoto aliyezaliwa karibuni, yakakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Utaratibu huo ulianza kuenea Marekani miaka ya 1960, baada ya Robert Guthrie kubuni kipimo cha ugonjwa wa fenilketonuria. Kupima ni kazi nyepesi. Ugumu huanza majibu yanaporudi, kwani lazima apatikane mtu wa kumweleza mzazi.

Huko Marekani, mzigo huo humwangukia daktari wa kawaida wa mtoto, ambaye pengine hajawahi kumwona mgonjwa wa aina hiyo. Barani Afrika, ambako ugonjwa unaohitaji zaidi kipimo hiki ni selimundu, yaani siko seli, mbebaji wa habari ni muuguzi wa zahanati. Ghana ilianza kuwapima watoto wachanga mjini Kumasi mwaka wa 1995, ikagundua kuwa takriban 2 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa huo. Nchini Kenya, ambako umeenea zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani, upimaji haujawafikia watoto wote.

Habari hii haifai kucheleweshwa. Miezi ya kwanza mtoto huonekana mzima kabisa, kwa sababu bado ana damu ya aina aliyokuwa nayo tumboni. Mama anayenyonyesha mtoto mnene, mchangamfu, ataaminije kwamba ni mgonjwa? Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1986 ulionyesha kuwa penisilini ya kila siku hupunguza maambukizi hatari ya bakteria za nimonia kwa asilimia 84. Dawa hiyo yapasa kuanzishwa kabla ya miezi 3, asubuhi na jioni, hadi mtoto afikishe miaka 5. Mzazi afundishwe pia kupapasa wengu, na ajue kwamba homa kwa mtoto huyu haingojei kesho.

Linalovuruga wengi ni tofauti kati ya mgonjwa na mbebaji. Mtoto aliyerithi chembe moja ya selimundu, AS, si mgonjwa wala hahitaji dawa. Aliyerithi mbili, SS, ndiye mgonjwa. Wazazi wawili wenye AS wana uwezekano wa 1 kati ya 4, katika kila mimba, wa kupata mtoto wa SS. Maneno hayo yakisemwa harakaharaka katikati ya foleni, mama wa mbebaji hurudi nyumbani akilia bure, na mama wa mgonjwa hurudi akidhani yameisha.

Lawama nazo humwangukia mama, ingawa mtoto wa SS hurithi kutoka pande zote mbili. Aidha, kuwapima wazazi kwaweza kufichua siri za uzazi. Muuguzi mwenye busara huzungumza na mama faraghani kwanza, humweleza kwamba kipimo cha pili kitahitajika ili kuthibitisha, kisha humwomba arudie kwa maneno yake aliyoyaelewa.

Mama wengi hujifungulia mjini na kurejea mashambani kabla ya majibu kutoka, na nambari ya simu waliyoacha haipatikani. Hapo kijitabu cha kliniki husaidia: ikiandikwa ndani yake kwamba damu ilichukuliwa, na wapi, muuguzi atakayemdunga mtoto chanjo ya wiki ya 6 aweza kuyaulizia majibu, muda wa kuanza penisilini ukiwa haujapita.