Nusu karne ya ugomvi wa utepe

Februari 3, 2026 barua moja fupi ilitimiza miaka 50. Aliyeiandika alikuwa kijana wa miaka 20 aitwaye Bill Gates, na aliwaandikia watu waliokuwa wakiunda kompyuta majumbani kwa mapenzi tu. Hakumung'unya maneno: wengi wenu, aliwaambia, mnaiba programu. Barua hiyo haikosekani katika historia yoyote ya kompyuta. Waliotukanwa ndani yake, na hasa mtu aliyewakusanya, wanapewa mstari mmoja au miwili, tena kwa haraka.

Mtu huyo ni Fred Moore. Mwaka 1959, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliketi kwenye ngazi za jengo la utawala akagoma kula, akipinga mafunzo ya kijeshi ambayo yalikuwa lazima kwa wanafunzi. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la anga. Baadaye alikataa kuandikishwa jeshini, na kwa hilo akafungwa. Mwandishi John Markoff, ambaye kitabu chake cha 2005, What the Dormouse Said, ndicho kilichonifanya nimpende mtu huyu, anasimulia usiku wa mwaka 1971 San Francisco. Stewart Brand, mwenye Whole Earth Catalog, alifanya sherehe ya kulifunga chapisho hilo, akaleta dola 20,000 taslimu na kuwataka wageni waamue wenyewe zifanye kazi gani. Walibishana mpaka usiku mkubwa. Moore alisimama akasema fedha ndiyo inayowagawa watu. Kulipokucha, zilizobaki aliachiwa yeye azitunze.

Moore alikuwa na kadi. Aliandika majina ya watu, mambo wanayoyajua na mambo wanayoyahitaji, ili mwenye ujuzi na mwenye shida wakutane. Kadi zilipozidi akaanza kuitamani kompyuta, chombo ambacho wakati huo kilikuwa mali ya vyuo, serikali na makampuni.

Januari 1975 jarida la Popular Electronics lilitangaza Altair 8800, kompyuta ya kuunda mwenyewe, iliyouzwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque kwa chini ya dola 400. Haikuwa na kibodi wala skrini. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, isiyotosha hata kubeba aya hii. Mtumiaji aliilisha maagizo kwa kupandisha na kushusha swichi, moja baada ya nyingine.

Machi 5 mwaka huo, mvua ikinyesha, watu 32 walikutana katika gereji ya nyumbani kwa Gordon French, mjini Menlo Park, California, kwa mwaliko wa French na Moore. Mmoja wao alikuwa Steve Wozniak, fundi mwenye haya wa Hewlett-Packard. Kikundi kikaja kuitwa Homebrew Computer Club. Homebrew kwao ni pombe ya kupikwa nyumbani, kwa hiyo mtu wa Bara akitafsiri jina hilo neno kwa neno atajikuta kwenye kilabu cha mbege.

Kikundi kilikua haraka, kikahamia ukumbi wa kituo cha utafiti wa fizikia cha SLAC, Stanford. Mwongozaji akawa Lee Felsenstein, akisimama mbele na fimbo yake mkononi. Utaratibu ulikuwa wa sehemu mbili. Kwanza mtu anainuka na kusema ana nini, anatafuta nini, amesikia tetesi gani. Kisha kikao kinavunjika, watu wanatafutana ukumbini: mwenye saketi na mwenye swali, mwenye vipuri na mwenye dola tano. Ukitazama vizuri, zilikuwa kadi za Moore zimeota miguu.

Burudani nayo ilikuwepo. Aprili 1975, katika kikao kilichofanyika Peninsula School, mwanachama Steve Dompier alileta Altair yake na redio ndogo. Alichukua muda mrefu kuingiza programu kwa swichi, mara mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme na kila kitu kikafutika. Akaanza upya. Alipomaliza, redio iliyowekwa juu ya mashine ilinasa mawimbi ya saketi na kutoa muziki, wimbo wa The Beatles, Fool on the Hill. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe.

Sasa tuje kwenye utepe. Paul Allen na Gates walikuwa wameandika BASIC, lugha ya kuiwezesha Altair ifanye kazi bila mateso ya swichi. MITS iliuza BASIC hiyo kwa dola 500 kwa anayeitaka peke yake, zaidi ya bei ya mashine yenyewe. Ukinunua pia bodi zao za kumbukumbu, bei inashuka mpaka chini ya dola 100. Shida ni kwamba bodi zenyewe zilikuwa mbovu. Wanachama walikuwa wakinunua bodi za mwenzao Bob Marsh, zilizofanya kazi. Kwa maneno mengine, mteja aliadhibiwa kwa kukataa bidhaa mbovu. Juu ya hayo, wapo waliokuwa wameshalipa na wanasubiri tu.

Juni 1975 msafara wa maonyesho wa MITS ulifika hoteli ya Rickeys Hyatt House, Palo Alto. Altair ilikuwa mezani, ikiendesha BASIC iliyosubiriwa kwa hamu. Karibu yake kulikuwa na utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na ndani ya matundu hayo programu nzima. Mtu mmoja aliuchukua. Steven Levy, ambaye simulizi yake katika kitabu Hackers cha 1984 ndiyo wengi wetu tunaifuata mpaka leo, hakumtaja kwa jina. Utepe ulifika kwa mwanachama Dan Sokol, aliyekuwa na mashine ya kunakili kazini kwake, na kikao kilichofuata alikuja na boksi zima la nakala. Hazikuuzwa. Sharti lilikuwa moja: ukichukua utepe mmoja, kikao kijacho lete miwili.

Hesabu hiyo inaeleza hasira ya Gates. Kwenye barua yake, iliyochapishwa katika kijarida cha klabu hiyo, alisema chini ya asilimia 10 ya wenye Altair walikuwa wameinunua BASIC, na kwamba malipo aliyopata ukiyagawa kwa saa za kazi hayafiki dola mbili kwa saa. Muda wa kompyuta uliotumika, aliongeza, ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000. Hapo alijipalia makaa. Kompyuta aliyoitumia ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Harvard, na fedha zake zilitoka Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Wapo waliouliza waziwazi: kumbe nani amechukua cha nani?

Mimi sitamtetea aliyeuchukua utepe. Lakini ukweli mwingine lazima usemwe. BASIC ya Gates ilienea na kuzoeleka kwa sababu ya nakala hizo, kama Windows ilivyoenea mitaani kwetu kwa sidii za kuchoma na kompyuta za mtumba zilizokuja na kila kitu ndani. Aliyelalamika kuibiwa alikuwa anatangaziwa bure.

Jibu zuri halikuja kwa matusi. Kundi la People's Computer Company, lililokuwa jirani, lilikuwa limeshaanza kusambaza maelezo ya lugha ndogo iliyoitwa Tiny BASIC ili kila mtu ajiandikie ya kwake. Tom Pittman aliandika yake akaiuza dola tano, na watu wakalipa. Li-Chen Wang alitoa ya kwake 1976 akiwa ameandika juu neno copyleft, mchezo wa maneno juu ya copyright (hakimiliki), na pale ambapo wengine huweka "haki zote zimehifadhiwa" yeye akaweka makosa yote yamehifadhiwa. Mzaha ule ulikuja kuvaa suti ya kisheria katika leseni za Richard Stallman, mtetezi wa programu huria, na Linux, iliyotoka 1991, ikaingia chini ya mwavuli huohuo mwaka 1992.

Moore hakukaa kuyaona yote. Aliondoka kabla klabu haijatimiza mwaka. Mazungumzo yalikuwa yameshaanza kuelekea kwenye kampuni. Wozniak aliwagawia wenzake michoro ya mashine yake bure, kisha rafiki yake Steve Jobs akamshawishi waiuze, ndiyo Apple I ya dola 666.66. Klabu ilifanya kikao cha mwisho Desemba 1986. Moore alifariki 1997 kwa ajali ya gari. Mwaka 2014 Apple I moja iliuzwa mnadani New York kwa dola 905,000.

Moyo wa kugawana bure haukufa, hata hapa kwetu Tanzania: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye kila menyu kwa Kiswahili. Ni kazi ya kujivunia, na tumeisahau kwa kasi ya ajabu. Maktaba zetu zingepaswa kuwa na nakala yake pamoja na majina ya waliobishania kila neno.

Vikundi vya programu huria bado vinakutana. Katika kikao cha mwisho nilichohudhuria hapa jijini, mwongozaji alituambia tuinuke mmoja mmoja: jina, unachokijua, unachokitafuta. Kijana aliyekaa kando yangu alisema anajua Python na anatafuta chaja. Aliipata kabla chai haijaletwa.