Mamba, kobe, mjusi na nyoka: namna ya kuwatofautisha

Huku Kasongo na Kabambare, mtu akiona kitu kinatambaa, mara nyingi anatafuta fimbo kwanza. Lakini wanyama hawa hawatoki ukoo mmoja, na hatari yao si moja.

Wote wana magamba, wanapumua kwa mapafu, na joto la mwili wao linategemea jua. Ndiyo maana asubuhi wanaota jua. Duniani yamebaki makundi manne. Moja, la tuatara, liko New Zealand tu. Haya matatu tunayo hapa kwetu.

Kobe. Gamba lake limeshikamana na mbavu na uti wa mgongo, kwa hiyo hawezi kulivua. Hana meno wala sumu.

Mamba. Moyo wake una vyumba vinne, sawa na wa ndege. Na kweli, ndege ni ndugu yake wa karibu kuliko mjusi. Mama analinda mayai yake. Kwenye bonde la Lualaba, wa kuogopwa ni mamba wa Nile. Yule mwenye mdomo mrefu mwembamba anakula zaidi samaki, na sasa amekuwa adimu kabisa.

Mijusi na nyoka. Hawa ni kundi moja, maana nyoka wametokana na mijusi wa zamani. Mijusi wengi wana miguu, kope na tundu la sikio. Nyoka hana kope wala tundu la sikio, na haoneshi miguu. Kenge na kinyonga ni mijusi. Kenge anauma na kuchapa mkia, lakini hakuna mjusi wa Afrika anayeua mtu kwa sumu. Kinyonga anauawa bure tu.

Nyoka wengi pia hawawezi kuua mtu. Walio hatari ni kama swila, koboko na vipere ya Gabon. Huyu wa mwisho ni mfupi, mnene, ana meno yanayofika sentimita 5, na analala kwenye majani makavu bila kukimbia. Anayekwenda shamba avae buti. Usiku ashike tochi.

Mtu akiumwa na nyoka: vua pete na bangili, kiungo kisitikisike, abebwe mbio hospitali. Usichanje, usifunge kamba, usinyonye. Jiwe jeusi halitoi sumu. Linapoteza saa tu. Na usimfuate nyoka ili umuue: mganga atatibu kwa dalili anazoziona.