Muziki na vazi lake: jalada, video na tovuti

Mteja anayeingia katika duka la muziki hutumia macho kabla ya masikio. Sauti haijasikika bado, lakini rangi ya jalada, umbo la herufi na mavazi ya msanii vimekwisha kumweleza kama alichokishika mkononi ni taarab, rap, muziki wa injili au wa dansi.

Muuzaji na mnunuzi huelewana kwa alama hizo bila kuandikiana mkataba wowote. Hata hivyo, maelewano hayo yana gharama yake, na kwa wanamuziki wa Afrika Mashariki gharama hiyo imeonekana zaidi pale kazi zao zinapovuka bahari. Wimbo ule ule, uliorekodiwa katika studio ile ile, hulazimika kubadili nguo ili ukubalike ugenini.

Bahasha yenye tundu

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Siti binti Saad wa Zanzibar aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sahani za santuri ziliuzwa ndani ya bahasha za karatasi zenye tundu katikati, ili maandishi ya lebo yasomeke. Alama iliyotambulika na wengi ilikuwa ya kampuni, yaani yule mbwa anayesikiliza gramafoni, wala haikuwa sura ya mwimbaji.

Mabadiliko yalianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kampuni ya Columbia ilipomwajiri mchoraji kijana, Alex Steinweiss. Yeye ndiye aliyeshawishi kwamba santuri zilizokuwa zikifungwa katika makasha ya rangi moja zichorewe majalada yanayovutia. Columbia ilipotoa santuri ndefu, yaani LP, mwaka 1948, wachoraji walipata uwanja wa kutosha: mraba wenye karibu sentimita 30 kila upande.

Kila aina ya muziki ikaanza kujitafutia sura. Kwa upande wa jazz, sura hiyo ilitengenezwa kwa kiasi kikubwa na kampuni ya Blue Note ya New York. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi mwaka 1967, mbunifu Reid Miles alitengeneza mamia ya majalada ya kampuni hiyo, akitumia picha zilizopigwa na Francis Wolff, herufi kubwa zilizopangwa kwa namna isiyotarajiwa, na mara nyingi rangi moja au mbili tu.

Uchache wa rangi ulitokana kwa sehemu na ufinyu wa bajeti. Lakini umaskini huo wa wino ulizoeleka, ukaheshimiwa, na hatimaye ukachukuliwa kuwa ndiyo sura halisi ya jazz. Hadi leo msanii anayetaka albamu yake ionekane ya jazz huiga upungufu wa fedha wa watu wa wakati ule. Inaelezwa kuwa Miles mwenyewe hakuwa mpenzi mkubwa wa muziki huo.

Wapigaji wa rock nzito nao walichagua mafuvu, moto na herufi zenye ncha kali. Kundi la Uingereza, Iron Maiden, lilimpa mchoraji Derek Riggs kazi ya jalada lake la kwanza mwaka 1980, na zimwi alilolichora, Eddie, limeonekana katika majalada ya kundi hilo tangu wakati huo. Nukta mbili zilizowekwa juu ya herufi katika jina la Motörhead hazina kazi yoyote katika matamshi. Kazi yake ni kuogofya tu.

Sare, dhahabu na maporomoko ya maji

Afrika Mashariki ilijenga desturi zake yenyewe, na hapa ndipo penye utajiri ambao haujaandikwa vya kutosha.

Katika muziki wa dansi, desturi kuu ni picha ya pamoja. Santuri ndogo zilizochapishwa Nairobi katika miaka ya 1970 ziliuzwa kwa kawaida ndani ya bahasha ya kampuni, lakini zilipokuja LP na baadaye kaseti, bendi nzima ilipangwa mbele ya kamera. Wengine husimama nyuma, wengine huchuchumaa mbele, magitaa na matarumbeta yameinuliwa, na wote wamevaa sare. Kwa mtazamo wa haraka picha hiyo hufanana na ya timu ya mpira.

Ujumbe wake ni kwamba bendi ni taasisi, na mwanamuziki ni mtumishi wake. Kwa kuwa wanamuziki walikuwa na mazoea ya kuhama bendi, picha kama hiyo mara nyingine ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati kabla kanda haijafika mikoani.

Taarab ina kanuni tofauti. Katika kaseti na CD za taarab ya kisasa, mwimbaji hukaa peke yake mbele, katika gauni la kung'aa, akiwa na vidani, bangili na hina, na nyuma yake yakiwekwa maua, bahari au pazia. Katika video, wapigaji hukaa, mwimbaji husimama, na mashabiki hupita mbele yake wakicheza na kumtunza fedha. Kutunzwa huko si pambo. Ni ushahidi kwamba maneno yamemgusa mtu, na huenda yamemlenga mwingine aliyekaa ukumbini.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni jina la wimbo lililoandikwa juu ya jalada. Katika taarab jina hufanya kazi inayofanana na ile ya maandishi ya kanga: ni fumbo, tena ni silaha. Mwanamke anayeiacha kaseti mezani pale shoga yake atakapoiona huwa amekwisha kusema, hata kama hana mashine ya kuipigia.

Kwaya za injili nazo zina utaratibu wao unaotambulika kwa sekunde chache. Waimbaji huvaa sare za rangi moja, hupiga hatua kwa pamoja, na hurekodiwa kando ya mto, katika bustani au chini ya maporomoko ya maji. Baadhi ya watazamaji wa mijini hulicheka jambo hilo, lakini mandhari ya wazi ina mantiki yake: haihitaji taa za studio wala kodi ya ukumbi. Hapa tena, kama ilivyokuwa kwa Blue Note, bajeti imezaa desturi.

Kutoka Houston hadi Dar es Salaam

Rap iliingia Afrika Mashariki ikiwa na vazi lililokwisha kushonwa. Saleh J alipojulikana mwaka 1991 kwa kutia maneno ya Kiswahili katika wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice, kilichoazimwa kilikuwa zaidi ya mdundo. Kofia, suruali pana na mikao ya mikono vilikuja pamoja nao.

Baadhi ya alama hizo zilikuwa na historia isiyotarajiwa. Mwaka 1985 kundi la wazazi nchini Marekani, ambalo Tipper Gore alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, liliyashinikiza makampuni ya muziki yatoe tahadhari juu ya albamu zenye lugha chafu. Mwaka 1990 tahadhari hiyo ilipewa umbo moja, nyeusi na nyeupe, pembeni mwa jalada. Iliyokusudiwa kuwafukuza vijana iligeuka kuwa cheti cha ukali, kiasi kwamba albamu ya rap isiyokuwa nayo ilionekana kupungukiwa.

Mjini Houston, ndugu wawili, Aaron na Shawn Brauch, walianzisha studio ya Pen & Pixel mwaka 1992. Kwa kutumia kompyuta walijaza majalada ya rap ya kusini mwa Marekani kwa almasi, magari, majumba na herufi za dhahabu zinazometameta. Jalada la albamu ya Juvenile ya mwaka 1998, 400 Degreez, ni miongoni mwa kazi zao. Studio hiyo ilifungwa mwaka 2003, lakini utajiri wake wa kuchora ulikuwa umekwisha kusambaa mbali.

Kwa upande wa video, mwongozaji Hype Williams alipendelea lenzi pana inayoipinda picha hata uso wa msanii uonekane umevimba kuelekea kwa mtazamaji, kama katika video ya Missy Elliott ya mwaka 1997, The Rain. Picha hizo zilifika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kupitia kanda za VHS na baadaye kupitia Channel O, iliyoanza mwaka 1997. Vituo vya nyumbani kama EATV vilipotoa nafasi kwa wasanii wa Bongo Flava, vijana tayari walijua video ya rap inatakiwa iweje: gari, miwani, mnyororo shingoni, na kundi la marafiki nyuma ya msanii.

Si wote waliofuata. Nairobi, wasanii wa Dandora walijiita Ukoo Flani Mau Mau, wakavaa jina la wapigania uhuru badala ya dhahabu. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa, lakini ulikuwa pia ubunifu wa sura, na uliwatofautisha mara moja na wengine.

Nguo za kuvukia bahari

Katikati ya mwaka 1987, wawakilishi wa makampuni madogo ya muziki walikutana katika baa moja jijini London, Empress of Russia. Tatizo lao lilikuwa la rafu: wenye maduka hawakujua santuri za Mali, Bulgaria au Zanzibar ziwekwe wapi. Wakakubaliana kutumia jina moja, muziki wa dunia.

Rafu ikapatikana, na kwa wanamuziki wengi hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini rafu huja na vazi lake. Kampuni ya Putumayo, iliyoanza kutoa albamu mwaka 1993 nchini Marekani, ilitumia michoro ya Nicola Heindl katika mfululizo wake mzima: watu wa rangi za kuchangamka, nyumba ndogo, ngoma na jua. Ziliuzwa hata katika migahawa na maduka ya vitabu, kwa wateja wasiomjua hata msanii mmoja. Mteja alinunua jalada kwanza.

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili ni mfululizo wa Zanzibara, ulioanzishwa na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa mwaka 2005. Ni kazi ya thamani kubwa, iliyookoa rekodi ambazo huenda zingepotea. Hata hivyo, toleo la pili ni la taarab ya Mombasa ya mwaka 1965 hadi 1975, na la tatu ni la muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1960. Mombasa na Dar es Salaam zimeingia sokoni zikiwa zimejifunika jina la kisiwa, kwa kuwa jina hilo ndilo ambalo mnunuzi wa Paris huwa amelisikia.

Hali ya kundi la X Plastaz la Arusha ilikuwa ngumu zaidi. Vijana hao wa mjini walirap kwa Kiswahili, na pamoja nao alikuwapo Merege, mwimbaji wa Kimasai aliyepanda jukwaani kwa shuka lake. Albamu yao ilipotolewa na kampuni ya OutHere ya Ujerumani mwaka 2004, iliitwa Maasai Hip Hop.

Haitakuwa haki kusema kwamba kundi lilivalishwa uongo. Merege alikuwa mwenzao wa kweli, na Umasai ni sehemu ya Arusha. Kilichotokea ni kwamba sehemu moja ya kundi ilifanywa kuwa anwani ya kundi zima. Kwa msikilizaji wa Ulaya, shuka lilithibitisha kwamba rap hiyo ni ya Kiafrika. Lakini bila shuka, CD ile ingewekwa rafu gani? Kwenye rafu ya rap ingeshindana na Wamarekani, kwa lugha ambayo mteja haielewi. Hilo ndilo swali ambalo msanii hutakiwa kulijibu kabla mkataba haujatiwa saini, na mara nyingi hulijibu akiwa na shida ya fedha.

Ukurasa wa kwanza

Tovuti ziliurithi mgawanyiko huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tovuti ya msanii wa rap mara nyingi ilikuwa nyeusi, na muziki ulianza kulia wenyewe ukurasa ulipofunguka. Tovuti ya msanii wa muziki wa dunia ilipakwa rangi za udongo, na wasifu ulianza na kijiji alikozaliwa. Wamarekani wachache sana wa rap waliulizwa kijiji chao. Ukumbi kama africanhiphop.com, ulioanzia Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1990, ulisaidia kuvunja ukuta huo kwa kuwaweka wasanii wa Afrika chini ya jina la hip hop bila masharti ya mavazi.

Nguvu ya rafu ya zamani imepungua. MTV Base ilipoanza matangazo ya Afrika mwezi Februari 2005, video ya kwanza ilikuwa African Queen ya 2Face Idibia wa Nigeria. Baada ya YouTube kuanza mwaka huo huo, msanii wa Dar es Salaam hakuhitaji tena kampuni ya Ulaya ili aonekane Muscat au Minneapolis. Katika miaka ya 2010 nyota wa Tanzania walikuwa wakisafiri hadi Afrika Kusini kupiga video, wakitafuta sura isiyo na nchi: jumba la kioo, bwawa la kuogelea, barabara safi. Mwezi Novemba 2020 waandaaji wa tuzo za Grammy waliliondoa neno "world" katika jina la tuzo yao na kuweka "global", wakieleza kuwa lile la awali lilibeba harufu ya ukoloni. Mwaka 2024 walitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya muziki wa Afrika, ikaenda kwa Tyla wa Afrika Kusini.

Wakati huo huo jalada lenyewe limesinyaa. Kutoka sentimita 30 za santuri lilishuka hadi 12 za CD, na sasa katika orodha ya nyimbo kwenye simu halizidi sana ukubwa wa stempu. Rap na Bongo Flava hazikuumia, kwa kuwa uso mmoja hutosha. Taarab nayo imehimili, kwani fumbo la jina huandikwa pembeni ya picha. Iliyoathirika ni bendi ya dansi: watu 12 waliovaa sare na kushika ala zao, wakipunguzwa hadi kufikia ukubwa huo, hakuna anayetambulika sura.