Scientology na Wikipedia: je, ni haki kundi la dini likatazwe kuandika?

Siku hizi mtu akisikia jina la kundi la dini asilolijua, hamuulizi mchungaji kwanza. Anatoa simu mfukoni, anaandika lile jina, na mara nyingi jibu la kwanza au la pili linatoka Wikipedia. Kijana mmoja wa kanisa letu alifanya hivyo juu ya Scientology. Jumapili iliyofuata akaja na swali ambalo sikulitazamia: «Mchungaji, nimesoma kwamba watu hao walikatazwa kuandika katika Wikipedia. Ni haki? Na kesho wakitukataza sisi?»

Swali lake linastahili jibu lenye habari kamili. Tueleze kwanza mambo yalivyokuwa, kisha tupime.

Wikipedia inaendeshwa namna gani

Wikipedia ni kamusi elezo ya intaneti. Ilianzishwa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Leo inapatikana katika lugha zaidi ya 300. Toleo la Kiswahili lilianza mwaka wa 2003, na Kilingala nacho kina toleo lake. Waandishi wake hawalipwi na Wikipedia. Kila mtu mwenye intaneti anaweza kuandika makala au kusahihisha ya mwingine, ila anafungwa na kanuni. Makala isipendelee upande. Kila neno linaloweza kubishaniwa liwe na ushahidi uliochapishwa na watu wa kuaminika. Na mtu mwenye faida yake katika jambo fulani ajizuie kuliandika mwenyewe, au angalau aseme wazi yeye ni nani.

Kila badiliko linahifadhiwa katika historia ya ukurasa. Katika miaka tunayoisimulia, mwandishi asiye na akaunti alionekana kwa anwani yake ya IP, yaani namba ambayo kompyuta au mtandao wa ofisi unatambulikana nayo kwenye intaneti. Ni kama namba ya nyumba: haisemi ni nani aliyeandika barua, lakini inaonyesha barua imetoka nyumba gani.

Wikipedia ya Kiingereza ina Kamati ya Usuluhishi. Ni watu wa kujitolea, wanaochaguliwa na waandishi wenzao, na wanasikiliza magomvi yaliyoshindikana mahali pengine. Kamati hiyo haiamui ni dini gani ya kweli, wala makala iseme nini. Inaamua juu ya mwenendo wa waandishi tu. Jambo hili tulishike, maana tutalirudia.

Scientology ni nini

Mwanzilishi ni L. Ron Hubbard, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa hadithi za kubuni. Mwaka wa 1950 alitoa kitabu Dianetics, na mwaka wa 1954 kanisa la kwanza la Scientology lilifunguliwa Los Angeles. Alifariki mwaka wa 1986, na tangu hapo anayeongoza ni David Miscavige. Kundi linafundisha kwamba mtu ni roho isiyokufa, wanayoiita thetan, iliyolemewa na majeraha ya zamani. Ili afunguliwe, mtu anapita katika vikao vya maswali, huku chombo kiitwacho E-meter kikipima umeme mdogo wa mwili wake. Masomo yamepangwa kwa ngazi, na muumini anatoa fedha kwa kila ngazi. Mafundisho ya ngazi za juu ni siri.

Katika Afrika kundi hili lina mizizi ya zamani zaidi upande wa kusini. Hubbard mwenyewe aliishi Johannesburg mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ni kundi lililojaa mabishano. Katika miaka ya 1970 watu wake walijipenyeza katika ofisi za serikali ya Marekani na kuiba nyaraka. Viongozi 11, akiwemo mke wa Hubbard, walipatikana na hatia. Intaneti ilipoenea katika miaka ya 1990, watu waliotoka kundini walianza kutoa hadharani yale mafundisho ya siri, na kundi likawashitaki kwa sheria ya haki za uandishi. Vita juu ya kile ambacho watu wanaruhusiwa kusoma kuhusu Scientology ilianza basi kabla Wikipedia haijazaliwa.

Kilichotokea kati ya 2007 na 2009

Agosti 2007, mwanafunzi Mmarekani aitwaye Virgil Griffith alitoa programu iliyolinganisha mabadiliko ya Wikipedia yasiyo na jina na wenye zile anwani za IP. Aibu ikawapata wengi. Mabadiliko yalionekana kutoka kompyuta za CIA, za makampuni makubwa, hata za Vatikani. Kompyuta za Scientology nazo zilikuwamo: kutoka kwazo mtu alikuwa ameondoa maneno ya lawama katika makala juu ya kundi hilo.

Wazee wetu wa pwani walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kila mmoja alikuwa akivuta ngozi upande wake, akidhani hakuna anayeona.

Desemba 2008 kesi ikafika mbele ya Kamati ya Usuluhishi. Haikuwa ya kwanza. Ilikuwa ya nne juu ya Scientology kwa muda wa miaka minne hivi, na makala zilizohusika zilipita 400. Kamati ilichunguza kwa karibu miezi sita. Iliona kwamba akaunti nyingi zilikuwa zikiandika kutoka vifaa vya kundi lenyewe, kwa kulitetea, na kwa sababu zote zilitumia vifaa hivyo hivyo, ilikuwa vigumu kujua kama ni watu kumi au ni mtu mmoja mwenye majina kumi. Upande wa pili, wapinzani wa Scientology nao walikuwa wakijaza makala kwa maneno kutoka tovuti zao wenyewe, na kuandika vibaya juu ya watu walio hai bila ushahidi wa kutosha.

Uamuzi wenyewe ulisema nini

Uamuzi ulitolewa mwishoni mwa Mei 2009, kwa kura 10, hakuna aliyepinga, mmoja hakupiga upande wowote. Magazeti ya dunia yakaandika: «Wikipedia yafukuza Scientology.» Lakini ukiusoma, unakuta mambo manne.

Kwanza, anwani zote za IP zinazomilikiwa au kuendeshwa na Kanisa la Scientology na washirika wake zilifungiwa kuhariri. Kusoma hawakuzuiwa.

Pili, mwandishi mmoja mmoja aliyetaka kuchangia kutoka anwani hizo alipewa njia ya kuomba ruhusa kwa jina la akaunti yake. Na muumini wa Scientology aliye nyumbani kwake, kwenye intaneti yake, hakuguswa kwa sababu ya imani yake.

Tatu, waandishi kadhaa wa pande zote mbili, watetezi na wapinzani, walikatazwa kugusa makala za Scientology.

Nne, waandishi wa makala hizo walitakiwa watumie akaunti moja tu, wala wasijifiche nyuma ya njia za kuficha anwani.

Wanaopinga wana hoja

Tusiwapuuze. Hoja yao ya kwanza ni kwamba kufungia anwani ya jengo zima kunaadhibu asiye na kosa pamoja na mwenye kosa. Anayefanya usafi katika ofisi ile, akitaka kusahihisha makala juu ya mpira, anakuta mlango umefungwa. Sisi wa Afrika tunapaswa kuisikia hoja hii vizuri. Kwetu watu wengi sana wanaingia intaneti kwa simu, na kampuni ya simu inaweza kuwapitisha maelfu katika anwani moja. Miaka hii ya karibuni, waandishi wa Wikipedia katika nchi kadhaa za Afrika wamelalamika kwamba wanakuta wamefungiwa kwa ajili ya makosa ya watu wasiowajua.

Hoja ya pili ni ya haki. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwingine aje amchunguze. Mtu anayesemwa akinyamazishwa, ni nani atakayesahihisha uongo juu yake? Chuki juu ya kundi dogo ni rahisi kuandika, na wasomaji wengi wanaifurahia.

Hoja ya tatu ni ile ya kijana wetu: leo wao, kesho nani?

Ufaransa na Ubelgiji: mifano miwili ya mahakama

Mahakama za nchi zimekutana na swali kama hili. Oktoba 2009, mahakama ya Paris iliihukumu Scientology kwa udanganyifu wa kupangwa, juu ya namna watu walivyosukumwa kulipa pesa nyingi kwa masomo na vifaa. Kundi likakata rufaa, likashindwa, na mahakama ya juu ikathibitisha hukumu mwaka wa 2013. Pale waliulizwa: mlifanya nini?

Ubelgiji mambo yalikwenda tofauti. Baada ya uchunguzi wa miaka mingi, Machi 2016 mahakama ya Brussels iliitupa kesi yote. Hakimu aliwalaumu waendesha mashitaka kwamba waliwafuata washitakiwa hasa kwa sababu ni watu wa Scientology, badala ya kuonyesha kosa la kila mmoja.

Kwa mizani hiyo, ninaona uamuzi wa Kamati ya Wikipedia ulikuwa wa haki, kwa sababu ulikuwa mwembamba. Uligusa tendo, yaani kuandika kwa kujificha na kwa kupangwa juu ya jambo lenye faida yako, na ukawagusa pia wapinzani waliokosa. Kama Kamati ingesema «mtu yeyote wa imani hii asiandike», ningesimama na Scientology kuipinga, ingawa mafundisho yake siyakubali hata kidogo. Na kama ingewaadhibu watetezi na kuwaacha wapinzani, hiyo ingekuwa upendeleo uliovikwa nguo ya sheria.

Sisi tunajua kufungiwa

Katika nchi yetu neno hili si geni. Simon Kimbangu alikuwa mkatekista wa Kibatisti. Alikamatwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1921, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1951. Wafuasi wake walikatazwa hata kukusanyika, na wengi walihamishwa mbali na makwao mpaka walipotambuliwa mwaka wa 1959. Miaka yote ile habari zao ziliandikwa na waliowafunga. Tunaweza kuachana nao katika mafundisho, lakini hakuna Mkristo wa Kongo anayeweza kusema kwamba ile ilikuwa njia nzuri ya kuujua ukweli juu yao.

Ndiyo maana tusichanganye mambo mawili. Kumkataza mtu kuabudu au kusema ni jambo zito. Kumwambia asiandike yeye mwenyewe, kwa siri, cheti cha sifa yake katika daftari la watu wote ni jambo dogo zaidi, na mara nyingine ni la lazima. Tovuti zake, vitabu vyake na mimbari yake anabaki navyo.

Neno kwa makanisa yetu

Makala juu ya makanisa yetu ya mashariki katika kamusi elezo ni chache, na zilizopo mara nyingi ni fupi au zina makosa ya majina na miaka. Vijana wanataka kusahihisha. Wafanye hivyo, lakini kwa nuru. Mwenye akaunti aseme kwamba yeye ni wa jumuiya anayoiandika. Kosa akaliseme kwanza katika ukurasa wa majadiliano. Alete ushahidi uliochapishwa: kitabu cha historia, gazeti, utafiti wa vyuo kama ULPGL ya Goma au UEA ya Bukavu. Ripoti ya sinodi iliyo kabatini, hata kama ni ya kweli, msomaji wa mbali hawezi kuihakikisha. Basi tuchapishe historia yetu.

Na kama makala inataja mgawanyiko uliotupata, au mgogoro wa uongozi uliofika mahakamani, tusiifute. Kufuta ndiko kulikowaponza wale wa Los Angeles. Tena tusiende kwenye kurasa za makundi mengine kuandika matusi, tukidhani tunailinda Injili. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo (Kutoka 20:16) haikusema kwamba jirani wa dini nyingine hahesabiwi.

Hatari ni kubwa zaidi katika lugha zenye waandishi wachache. Mwaka wa 2021, shirika la Wikimedia lilitoa ripoti juu ya Wikipedia ya Kikroatia: kikundi cha wasimamizi wenye siasa kali za kitaifa walikuwa wameishika kwa karibu miaka kumi, wakipotosha historia ya nchi yao na kuwafungia waliowapinga. Walinzi walikuwa wachache, na mlango ukawa mikononi mwa wale wale waliokuwa wakipotosha. Kiswahili kina wasemaji wengi sana, lakini wanaoandika na kulinda kamusi elezo yake ni wachache.

Kwa hiyo kijana wetu nilimjibu hivi: ndiyo, wanaweza kutukataza sisi pia, na tukifanya yale yaliyofanyika kwenye kompyuta zile, itakuwa halali yetu. Akacheka kidogo, kisha akaniuliza kama makala juu ya jumuiya yetu ina ushahidi wowote. Tuliifungua pamoja kwenye simu yake. Haukuwepo hata mmoja.