Kanyagio Moja, na Kiatu Kinacholikanyaga

Madereva wa Nakuru, kama walivyo wenzao wa Mombasa na Kisumu, hawana desturi ya kuvikusanya katika jina moja vile vyuma vinavyokanyagwa chini ya usukani, bali kila kimoja wamekipa jina la kazi yake: klachi, breki na mafuta. Hili la mwisho ndilo linalonishughulisha hapa. Kwa gari la petroli ni jina la insafu kabisa, maana mguu ukilemea, mafuta huzidi kuingia katika injini, na mguu ukiinuka, mafuta hupungua, gari likabaki kwenda kwa nguvu iliyosalia mpaka lichoke lenyewe. Lakini siku hizi yamo katika barabara zetu magari yasiyoonja mafuta asilani, miongoni mwao Nissan Leaf zilizokwisha kutumika Japani kabla ya kupakuliwa Mombasa, na dereva aliyehamia humo kutoka katika gari lake la zamani huendelea kusema, na lililo zito zaidi, mguu wake huendelea kuamini, kwamba anakanyaga na kuachia mafuta.

Istilahi ninayoichagua ni kanyagio. Imetoka katika kitenzi kanyagia, kama kimbilio lilivyotoka katika kimbilia na egemeo katika egemea, na maana yake si zaidi ya kitu cha kukanyagia. Haitaji mafuta wala moto, kwa hiyo haisemi uongo katika gari la aina yoyote. Basi lile la kulia tuliite kanyagio la mwendo, na la pili kanyagio la breki. Tukishakubaliana hivyo, twaweza kulitafsiri bila taabu jambo ambalo watengenezaji wamelipigia mbiu tangu BMW i3 ya mwaka 2013, na ambalo Nissan, katika Leaf ya pili iliyotoka mwaka 2017, walilipa jina la e-Pedal: nalo ni uendeshaji wa kanyagio moja. Neno “moja” hapa halina maana kwamba breki imeondolewa, ijapokuwa nimepata kuwasikia watu wakilifahamu hivyo. Makanyagio yamo mawili vile vile. Lililobadilika ni kwamba lile la mwendo limepewa kazi ya mwenziwe pia.

Namna yake ni hii. Mota ya umeme, ikilishwa umeme, huzungusha magurudumu. Na magurudumu yakiizungusha yenyewe, hugeuka ikawa mtambo wa kuzalisha umeme, na kazi hiyo huwa mzigo unaolizuia gari. Mtu aliyepata kuendesha baiskeli yenye dinamo usiku anaijua hali hii kwa misuli ya mapaja yake, kwa kuwa taa ikishawashwa baiskeli huwa nzito ghafula. Kuzuia kwa njia hii ndiko ninakokuita breki rejeshi, kwa sababu nguvu ya mwendo hurejeshwa katika betri badala ya kupotea kuwa joto la chuma na vumbi la breki. Na kwa kuwa kuzuia huku hufuata kuinuka kwa mguu, sheria za kimataifa za magari zimetaka taa za nyuma ziwake kila gari linapojizuia kwa kasi inayozidi mita 1.3 kwa sekunde katika kila sekunde, hata kama breki yenyewe haikuguswa. La sivyo anayekufuata angekugonga akidhani bado unakwenda.

Huku kwetu jambo hili lina uzito kuliko katika nchi tambarare. Mau Summit iko takriban mita 2,500 juu ya bahari, na mji wa Nakuru karibu mita 1,850. Gari la kilo 1,600 likiuteremka urefu huo lina akiba ya nguvu inayokaribia kilowati-saa 2.8, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya betri ya kilowati-saa 24 iliyokuwamo katika Leaf za kwanza. Hazipatikani zote, kwa sababu upepo na mipira hudai sehemu yao njiani, lakini kinachobaki si haba. Mteremko wa Salgaa, ulio baina ya sehemu hizo mbili, ndio ambao madereva wa malori wamelaumiwa kwa miaka mingi kwamba huuteremka gea ikiwa nyutro ili kuokoa mafuta, wakaikabidhi roho yao, na ya waliopanga maduka kando ya njia, kwa breki zilizokwisha kupata moto. Dereva wa gari la umeme huokoa kwa kujizuia. Yule wa lori hudhani ataokoa kwa kujiachia. Sijui tofauti nyingine baina ya magari haya inayopita hii.

Sasa tuje kwenye kiatu. Katika gari la petroli sikio ndilo msaidizi mkuu wa mguu: injini ikinguruma, dereva anajua amekanyaga kiasi gani, na kiatu kikiwa kizito kikaziba hisia ya unyayo, sikio husahihisha. Gari la umeme ni kimya, na mota yake hutoa nguvu zake zote za kuzungusha tangu gurudumu halijaanza kuzunguka. Kwa hiyo ushahidi uliokuwa wa sikio umehamia katika unyayo peke yake. Chini ya unyayo nako hakuna kamba inayovuta kitu, bali springi na vihisio viwili vinavyopima pembe ya kanyagio na kulinganishwa daima, kimoja kikimsimamia mwenziwe. Soli nene ikisimama baina ya mguu na springi hiyo laini, tofauti ya milimita chache haisikiki, na matokeo yake yanaonekana katika shingo za abiria.

Jambo la pili ni gumu kidogo kulizoea. Kiatu kikiteleza juu ya mafuta katika gari la zamani, gari hupoa tu. Kikiteleza juu ya kanyagio la mwendo katika gari lililowekwa katika hali ya kanyagio moja, gari hujizuia papo hapo, kana kwamba dereva ameamua kufunga breki katikati ya barabara, na kama nyuma yake kuna matatu iliyokaribia mno, taksiri ya ndara ya shilingi mia itamfikia mtu asiyehusika. Tena mguu haupati mapumziko: kifundo ndicho kinachopandisha na kushusha mwendo dakika zote, kisigino kikiwa kimetua sakafuni kama ekseli. Kwa hiyo kiatu kizuri kwa kazi hii ni kile kilichoshika kisigino, chenye soli nyembamba inayokunjika, isiyoteleza wala kuzidi upana wa mguu.

Kwa sifa hizo, viatu vingi vya nchi hii ya Bonde la Ufa havipati ridhaa. Gambuti, ambazo mkulima wa Molo au Njoro hawezi kuishi bila ya hizo masika yanapoigeuza njia ya shambani kuwa matope, ni pana, ni ngumu kifundoni, na udongo ule ukibaki kwenye soli huteleza vibaya. Angalau zipanguswe kabla ya kuingia garini. Akala, kiatu nikipendacho kwa kutembea, kimekatwa katika tairi, nacho hakikunjiki. Patipati ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu hazina cha kushika kisigino, na ncha yake huweza kujisokomeza chini ya breki wakati mguu unapohama kwa haraka. Viatu vya mchuchumio huinua kisigino hata egemeo la mguu likapotea. Makubadhi ya ngozi ya watu wa pwani yana soli nyembamba ya kutosha, lakini nayo yako wazi nyuma. Na mtalawanda, nao ukiwa wa mti mtupu, sitarajii kuuona katika Leaf. Kwa wengi wetu raba nyepesi inatosha.

Wanaotaka ithibati wakumbuke Safari Rally, iliyorudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 na ambayo makao yake ni Naivasha. Kuanzia 2022 hadi 2024 magari ya daraja la kwanza yalibeba mota ya umeme ya kilowati 100 pamoja na betri ya kilowati-saa 3.9, iliyorejeshewa nguvu gari lilipokuwa likijizuia. Na madereva wake, katika vumbi la hatua ya Kedong ambalo mwenyeji angelikabili kwa buti, walivaa viatu vyenye soli nyembamba mno, kwa kuwa unyayo ulikuwa na mengi ya kusikia.

Limebaki la betri iliyojaa. Anayelala Molo akaliacha gari likinywa umeme mpaka asubuhi, kisha akaanza kuteremka, atakuta kwamba betri haina nafasi ya kupokea, na breki rejeshi imedhoofika. Baadhi ya magari huziba pengo hilo kwa kuzishika breki za kawaida yenyewe. Mengine humwachia dereva. Huyu aliyezoea kuinua tu mguu atauinua, na gari litaendelea. Hapo ndipo mguu wa kulia unapotakiwa kuhama upesi, bila kiatu kunasa, kwenda kwenye kanyagio la breki ambalo huenda lilikuwa halijaguswa tangu juzi. Na wa kushoto, hasa wa mtu aliyefunzwa klachi, unapotakiwa kutulia mahali pake. Afadhali kuijaza betri isifike mwisho kabla ya mteremko, na jozi ya pili ya viatu, kwa wanaobeba, ikae nyuma ya kiti, si chini yake, mahali ambapo kiatu kimoja kikibingirika mbele hujitia chini ya breki.