Flopi Isiyokuwepo Iliyozua Kesi

Mwaka 2024 serikali ya Japani ilifuta kanuni zaidi ya 1,000 zilizohusu matumizi ya flopi, na Waziri Taro Kono akatangaza kuwa wameshinda vita dhidi ya diski hizo. IBM iliileta flopi ya inchi 8 mwaka 1971, ikafuata ya inchi 5¼ mwaka 1976, kisha Sony ikatoa ya inchi 3½ mwaka 1981.

Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta ya XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10. Mnunuzi alitarajia kuweka programu zake zote humo. Haikuwa hivyo: nyingi zilikataa kufunguka mpaka flopi halisi iingizwe kwenye tundu la A. Flopi ikikunjika au ikishika vumbi, programu uliyoilipia imekwenda na maji.

Kampuni ya Vault iliuza kinga ya aina hiyo ya kuzuia programu zisinakiliwe, iitwayo Prolok. Kila diski ilitiwa alama ndogo kwenye uso wake wa sumaku, na kompyuta isipoiona alama hiyo, programu haifunguki. Quaid, kampuni ya Kanada, ikajibu kwa CopyWrite, iliyokuwa na kipengele kiitwacho Ramkey. Kazi yake ilikuwa kuiaminisha kompyuta kwamba flopi ya Prolok imo tunduni, kumbe haimo.

Vault iliishtaki Quaid huko Louisiana, jimbo la Marekani lililokuwa na sheria ya kuwalinda wauzaji wa programu. Mwaka 1988 Mahakama ya Rufaa ya New Orleans iliipa Quaid ushindi: mnunuzi ana haki ya kujiwekea nakala ya akiba, na sheria ya jimbo haiwezi kuipiku sheria ya hakimiliki ya taifa. Ilikuwa hukumu ya haki. Aliyelipa hapaswi kuwa mateka wa kipande cha plastiki.

Leo flopi isiyokuwepo huitwa flopi pepe, nayo ni faili tu ndani ya diski ngumu. Ile ya inchi 3½ huwa na nyuso 2, njia 80 kila uso, vipande 18 kila njia, baiti 512 kila kipande. Jumla ni baiti 1,474,560. Linux na VirtualBox huisoma kama flopi kamili.

Inasikitisha kwamba ofisi nyingi zimeziacha flopi zao kabatini, na sumaku inazidi kufifia. Visomeo vya USB bado vinauzwa. Mwenye flopi za zamani azihamishe sasa, zingali zinasomeka.