Nani Ashike Tila? Rubani Msaidizi na Safari ya Ardhini

Marubani wana mabishano yao ambayo sisi abiria hatuyasikii, na mojawapo ni hili: je, rubani msaidizi aruhusiwe kuendesha ndege ya jeti ikiwa ardhini? Sizungumzii kuirusha. Kuirusha anaruhusiwa, na anafanya hivyo kila siku. Kwa kawaida kapteni na msaidizi wake hupokezana, huyu anarusha ya kwenda, yule ya kurudi. Nazungumzia ile safari ya taratibu kutoka kwenye maegesho hadi mwanzo wa njia ya kurukia, na ile ya kurudi baada ya kutua. Katika mashirika mengi kazi hiyo imekuwa ya kapteni peke yake. Yaani mtu anaaminiwa kuishusha ndege yenye watu mia na zaidi kwa mwendo wa karibu kilomita 250 kwa saa, halafu ikishapungua hadi mwendo wa bodaboda, ananyang'anywa.

Ukisikia hivyo unaweza kucheka. Lakini nyuma yake kuna historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa Afrika Mashariki.

Tuanze na vyuma. Shirika la East African Airways lilianza kuruka mwaka 1946, na katika miaka iliyofuata moja ya ndege zake za kazi ilikuwa Dakota, yaani DC-3. Dakota ina gurudumu dogo mkiani linalojizungukia lenyewe. Rubani anaigeuza ardhini kwa kukanyaga breki ya upande mmoja, au kwa kuongeza nguvu ya injini ya upande wa pili. Sisi wa Bonde la Kilombero hatuhitaji mchoro hapa, kwa sababu ni pawatila ile ile: unabana klachi ya upande mmoja, tairi la upande huo linakosa nguvu, mashine inageukia huko. Sasa cha kuzingatia ni kwamba breki za Dakota zilikuwa kwenye pedali za viti vyote viwili. Aliyekaa kulia aliweza kuiendesha ardhini sawasawa na aliyekaa kushoto. Swali letu halikuwa na sababu ya kuwepo.

Swali lilikuja na gurudumu la mbele. Ndege zilipokuwa kubwa na nzito, ziliwekewa gurudumu la puani linalogeuzwa kwa nguvu ya mafuta yenye mgandamizo, na kausukani kadogo ka mkono pembeni mwa kiti. Kausukani hako kanaitwa tila. (Ndugu zangu wa Michenga, najua mnachofikiria. Hakalimi mpunga.) Pedali bado zipo, ila kwenye Boeing 737 zinageuza gurudumu la mbele kwa nyuzi 7 tu kila upande. Hiyo inatosha kunyoosha ndege kwenye njia ya kurukia, basi. Tila inaligeuza hadi nyuzi 78. Bila tila huwezi kukata kona ya kuingia kwenye maegesho.

Na tila iliwekwa wapi? Upande wa kushoto, kwa kapteni. Kwenye 737, ndege ambayo Air Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1970, tila ya kulia ni kitu cha kuagiza: shirika likitaka linawekewa, lisipotaka haipo. Kwenye ndege za panga tunazozijua sana hapa nchini, Bombardier Q400 na ATR, ipo ya kushoto peke yake. Lakini Boeing 747, Airbus A320 na Boeing 787 zina tila mbili, kushoto na kulia.

Kwa hiyo mwanzoni hapakuwa na kanuni ya usalama iliyofikiriwa na kupimwa. Palikuwa na chuma kilichofungwa upande mmoja. Kisha mazoea yakakaa juu ya chuma, na mashirika mengine yaliponunua ndege zenye tila mbili yaliendelea na mazoea yale yale. Hapo ndipo mimi naona tatizo lilipo.

Niwatendee haki wanaotetea utaratibu wa zamani, maana hoja zao si za kipuuzi. Kisheria kapteni ndiye mwenye dhamana ya ndege yote. Ardhini kuna magari ya mizigo, watu, ndege nyingine, na bawa ambalo ukiwa umekaa mbele hulioni ncha yake vizuri. Mabawa ya Boeing 787, toka ncha hadi ncha, ni mita 60. Tena ardhini si mahali salama kama tunavyodhani. Tarehe 18 Aprili 1972 mjini Addis Ababa, ndege ya East African Airways aina ya Super VC10 ilikuwa ikikimbia kuruka pale tairi lake la mbele lilipopasuka baada ya kukanyaga kipande cha chuma kilichodondoshwa njiani na ndege ndogo. Rubani akaamua kusimama, breki hazikutosha, ndege ikatoka mwisho wa njia na kuungua. Watu 43 walikufa. Kwa dakika kama hizo, wanasema, mkono wa mwenye uzoefu ndio uwe kwenye usukani.

Sawa. Ila hoja hiyo inachukulia kwamba hatari iko mkononi mwa anayeendesha. Ajali zenyewe zinasema kitu kingine.

Tazama Nairobi, tarehe 20 Novemba 1974. Boeing 747 ya Lufthansa, safari namba 540, ilikuwa inaelekea Johannesburg. Ndege hiyo ina vibao kwenye ukingo wa mbele wa bawa ambavyo hufunguka ili bawa libebe uzito kwa mwendo mdogo, na vinasukumwa na hewa yenye mgandamizo kutoka kwenye injini. Ndege ikiwa bado ardhini, vali za hewa hiyo hazikufunguliwa. Watu watatu walikuwa kwenye chumba cha marubani, orodha ya ukaguzi ilikuwepo, na hakuna aliyegundua kwamba vibao havijafunguka. Ndege iliinuka, ikatetemeka, ikaanguka mbele kidogo ya njia. Kati ya watu 157, walikufa 59. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu.

Kumbe dakika zile za ardhini si za kukata kona tu. Ndizo dakika za kukagua. Mmoja anatazama nje na kushika tila, mwingine anasoma orodha, anajibu mnara wa kuongozea ndege, anafuata ramani ya uwanja, na zaidi ya yote anamwangalia mwenzake. Huyu wa pili ndiye anayemkamata wa kwanza akikosea. Sasa, kama kila siku anayeendesha ni mkubwa, basi kila siku anayetakiwa kumkosoa ni mdogo.

Tunajua mdogo anavyomkosoa mkubwa. Hapa kwetu tunaanza na "samahani mzee". Na si sisi tu.

Miaka miwili na ushee baada ya Nairobi, tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu katika uwanja wa kisiwa cha Tenerife, na watu 583 wakafa. Kapteni wa KLM alikuwa mkufunzi mwandamizi wa shirika lake. Mara ya kwanza alipoanza kusukuma injini, msaidizi alimkumbusha kwamba hawajapata ruhusa, naye akasimama. Mara ya pili alianza tena, na msaidizi hakumzuia. Injinia aliuliza kama Pan Am imeshatoka njiani; kapteni akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Haikuwa imetoka.

Kutokana na ajali za namna hiyo, NASA iliitisha mkutano mwaka 1979 kuhusu jinsi marubani wanavyofanya kazi pamoja, na mwaka 1981 shirika la United la Marekani likaanza mafunzo rasmi ya ushirikiano ndani ya chumba cha marubani. Leo mafunzo hayo ni ya lazima karibu kila mahali. Lakini mafunzo ya darasani hayafuti mazoea ya kazini. Tarehe 5 Mei 2007, usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliondoka Douala kuelekea Nairobi bila kuwa imepewa ruhusa ya kuruka. Muda mfupi baadaye ililala polepole upande wa kulia gizani, na hilo halikugunduliwa mapema vya kutosha. Watu wote 114 walikufa. Kati ya mambo ambayo uchunguzi uliyataja ni uratibu hafifu kati ya kapteni na msaidizi wake.

Siwezi kusema kwamba tila ya kulia ingeiokoa ndege ile. Nasema hivi: ukimpa msaidizi tila, kapteni anageuka kuwa msimamizi, na kapteni haoni aibu kusema "simama". Neno hilo kutoka juu kwenda chini halina gharama. Na kesho yake wanapobadilishana, msaidizi anakuwa ameshaona kwa macho yake kwamba kusimamishwa si kudharauliwa.

Kuna jambo la mafunzo pia, na hili linanishangaza kuliko yote. Mwanafunzi wa urubani anaanza kwenye Cessna ndogo, na huko anaiendesha mwenyewe ardhini tangu masomo ya mwanzo, kwa miguu. Akipata ajira kwenye Q400 anakalishwa kulia, na kwa miaka kadhaa hagusi tila. Siku anapopandishwa kuwa kapteni ndipo anahamia kushoto na kujifunza kukata kona, ilhali dhamana yote ya ndege nayo imemwangukia siku hizo hizo. Mambo mawili mapya kwa wakati mmoja, na hilo la kona angeweza kulijua miaka mitano kabla.

Kwenye Q400 na ATR hakuna cha kujadili. Chuma hakipo na sera haiwezi kukiumba. Ila kwenye ndege yenye tila mbili, ningependa msaidizi aendeshe katika zamu zake, isipokuwa kwenye ukungu mzito, na isipokuwa zile mita za mwisho za kuingia kwenye maegesho yenye nafasi finyu. Na makabidhiano yafanyike kwa sauti, ndege ikiwa inakwenda sawa na si katikati ya kona, mmoja akisema anaiachia na mwingine akijibu kwamba ameishika.